Tukiambiwa "awesome", tunaambiwa nini?

Leo tunaongea juu ya neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "awesome". Wengine wetu tunalitamka "osam", na hakuna shida, tunaelewana.

Kwa nini neno moja lipewe makala nzima? Kwa sababu ndilo tunalosikia zaidi tukimaliza kazi. Umekaa kwenye mkutano wa masaa matatu ukitafsiri bila kunywa hata maji: awesome. Kikundi kimeonyesha wageni sabuni kinazotengeneza: awesome. Dada ameandika mradi wa kurasa sita usiku, kwa mwanga wa simu: awesome. Halafu kijana mwingine ameandika tu "nitafika saa nane", naye anajibiwa awesome. Sasa mtu anabaki anajiuliza, hili neno lina uzito gani? Ni sifa? Ni ahadi? Au ni namna ya kuagana?

Msimamo wetu tunausema mapema. Sifa isiyotaja kazi haimsaidii mkimbizi, hata iwe tamu namna gani. Tunachoomba ni sifa inayotaja kitu ambacho mtu amefanya, na iandikwe kwenye karatasi. Hasa sasa, wakati ofisi nyingi zinafungwa. Lakini kwanza tulifahamu neno lenyewe, maana ukilifahamu utaona kwamba hatulalamiki bure.

Neno lilianzia kwenye hofu

"Awesome" lina vipande viwili. Cha kwanza, "awe", kiliingia Kiingereza kutoka lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia, wale mabaharia wanaoitwa Viking. Maana yake ya mwanzo ilikuwa hofu, ile ya kutetemesha mwili. Baadaye, kwa kuwa lilitumiwa sana kumhusu Mungu, likawa hofu iliyochanganyika na heshima. Yaani unaogopa lakini hukimbii, unasimama pale pale unashangaa. Kipande cha pili, "some", kinaligeuza kuwa sifa. Neno zima lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, na kwa miaka mingi lilibaki neno zito.

Anayetaka kuona uzito huo afungue Biblia za Kiingereza. Ile ya King James ya mwaka 1611, kwenye Zaburi ya 66, inayaita matendo ya Mungu "terrible", maana yake ya kutisha. Tafsiri nyingine za siku hizi, mahali hapo hapo, zimeweka "awesome". Watafsiri hawakutaka kusema kwamba kazi za Mungu ni "poa". Walitaka msomaji aogope kidogo.

Ile maana ya "nzuri sana" bado ni changa. Ilitokea Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, na ikaenea sana kwa vijana kuanzia miaka ya 1980. Leo soksi ni awesome, kahawa ni awesome. Tena kuna neno "awful", limezaliwa na mzizi ule ule, lakini lenyewe lilienda upande mwingine. Zamani lilimaanisha kitu cha kuogopwa na kuheshimiwa, leo linamaanisha kitu kibaya sana. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amekuwa sifa na mwingine amekuwa lawama.

Na sisi tumefanya vilevile

Tusiwacheke Wamarekani. Wale wetu waliosoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi, wanajua neno "formidable". Mzizi wake ni wa Kilatini na maana yake ni kuogopa. Lakini mwalimu wa Kifaransa akikuambia kazi yako ni "formidable", amefurahi. Kwenye Kiingereza neno hilo hilo, herufi zile zile, bado limebaki na hofu yake: linasemwa kwa mpinzani mgumu, kwa adui ambaye si wa kuchezea. Kwa hiyo wewe uliyetoka Bukavu na sasa unasoma Kiingereza Uganda, hapo uwe mwangalifu.

Na Kiswahili chetu je? Mtu akiimba vizuri tunamwambia "umetisha!" Mchezaji akipiga chenga watu watatu tunasema "huyu ni hatari", "huyu ni balaa", "noma sana". Wimbo mzuri ni wimbo mkali, wakati huo huo tuna mbwa mkali, kisu kikali na jua kali. Maneno yote haya yalikuwa ya hofu na ya shida. Inaonekana binadamu akiona kitu kikubwa kupita kawaida, mdomo wake unaenda kwenye hofu kwanza, halafu ndiyo anafurahi.

Ila kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo tunataka muishike. "Umetisha" ni kitenzi. Ndani yake kuna mtu, kuna kitendo, na kitendo kimeshafanyika. Huwezi kumwambia mtu "umetisha" kwa sababu amekubali kuja saa nane. Atakuangalia, atauliza: nimetisha nini? "You are awesome" haina swali hilo. Inamsifu mtu jinsi alivyo, na haisemi alifanya nini, lini, mbele ya nani.

Halafu hofu yenyewe sisi tunaifahamu. Wengi wetu tumevuka Ziwa Tanganyika. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470 kwenda chini, na usiku ukiwa katikati hapo kwenye mtumbwi uliojaa watu huoni Kongo wala huoni Tanzania. Warundi waliofika Kagunga mwaka 2015 wanakumbuka milima nyuma, maji mbele, na meli ya MV Liemba ikija kuwapeleka Kigoma. Watu wa Goma wanajua Nyiragongo. Wanajua ule wekundu wa angani usiku, na wanajua Januari 2002 na Mei 2021, siku moto wa mlima uliposhuka. Ukisimama mbele ya vitu kama hivyo, "awesome" ya zamani inakaa mahali pake kabisa.

Ndiyo maana kuna sentensi moja inatuuma. Kijana ameitwa kusimulia alivyokimbia. Amesimulia mpaka sauti imekwisha. Msikilizaji anamwambia, "Your story is awesome." Kwa maana ya mwaka 1611 sentensi hiyo ni ya kweli kuliko anavyofikiri mwenyewe. Kwa maana ya leo ni neno la kahawa na soksi. Kijana anasikia ya leo.

Matumizi manne, tusichanganyikiwe

Kwa wenzetu wanaojifunza Kiingereza, hivi ndivyo neno hili linavyotumika siku hizi.

Moja, baada ya habari njema. Umesema umefaulu mtihani, unajibiwa "That's awesome". Hapo ni hongera, basi.

Mbili, mwisho wa ujumbe. Umetuma ripoti, unajibiwa "Awesome, thanks". Hapo ni "sawa, nimepata". Pengine hata haijafunguliwa.

Tatu, wakati wa kuagana. "You guys are awesome!" Hapo ni "tumefurahi kuwa nanyi, kwaherini". Mara nyingi gari liko tayari.

Nne, kwenye maandishi mazito: mamlaka makubwa, wajibu mkubwa, nguvu za bahari. Hapo neno linarudi kwenye uzito wake, yaani kitu kinachomfanya mtu ajisikie mdogo.

Mkiangalia vizuri, katika hayo manne hakuna hata moja lenye maana ya "tumekubali mradi wenu" au "mtapata pesa". Hakuna kabisa. Ila mtu aliyekaa kambini miaka kumi akisubiri jibu la kitu fulani, neno tamu akilipata analishika kwa mikono miwili. Na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Hasara ziko wapi

Hasara ya kwanza ni kusubiri. Kuna kikundi kimoja tunachokifahamu cha kufuga kuku. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakasema awesome mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Kikundi kikasubiri miezi saba. Ndani ya miezi hiyo jirani alikuwa tayari kuwakodishia banda lake kwa bei ndogo, wao wakasema tungoje kwanza wafadhili. Jirani akampa mwingine. Hakuna aliyewadanganya, ni kweli. Lakini pia hakuna aliyewaambia kwamba ofisi ile haikuwa na pesa ya kuku.

Hasara ya pili ni kutojua kosa liko wapi. Kila kitu kikiwa awesome, mkalimani mzuri na mkalimani anayebahatisha wanapewa jibu moja. Na ukalimani si mchezo, jamani. Neno likipinda kwenye mahojiano, mwaka wa tukio ukibadilika, "mjomba" akiwa "baba", ni faili la mtu linaumia. Mkalimani asipoambiwa "hapa ulikosea", kesho atarudia, na atakayelipa ni mama aliyekaa upande wa pili wa meza.

Hasara ya tatu ndiyo kubwa, na ni ya wakati huu. Mwaka 2025 pesa za misaada zilikatwa. Mgao wa chakula ulipungua Kakuma, ulipungua Uganda, miradi ikafungwa, wafanyakazi wakaachishwa. Pamoja nao wamerudi nyumbani vijana waliofanya kazi miaka mitatu, mitano, kama wakalimani, wahamasishaji wa afya, wasaidizi wa walimu. Hawakuwa na mshahara, walikuwa na posho. Wengi hawakuwa na mkataba wa kuonyesha popote. Ukimuuliza mmoja wao ana ushahidi gani wa kazi yake, anafungua simu: awesome, awesome, na kidole gumba. Aliyetuma ameshabadilisha namba, au yuko nchi nyingine anatafuta kazi na yeye. Kijana huyu akijaza fomu ya ufadhili wa masomo au ya kazi, ataandika nini?

Tuwe waadilifu

Hatusemi kwamba wafanyakazi wa mashirika wana roho mbaya. Wengi wanalisema neno hili kwa moyo safi, wamechoka, wana mikutano mitano kwa siku. Tena kwa Kiingereza cha Kimarekani kusifu ni adabu. Asiyesifu anaonekana mkali. Hata sisi tuna maneno ya namna hiyo. Jirani akikupitia wakati mnakula unamwambia "karibu chakula", hata kama sahani imebaki na matonge mawili. Mwenyeji anajua aseme "asante, nimeshiba" na aendelee na safari. Mgeni asiyejua anavuta kiti. Kwa "awesome", sisi ndio wageni tunaovuta kiti, na chakula hakipo.

Kuna kijana mwenzetu atasema: acheni mambo ya maneno, mgao umepunguzwa, ninyi mnajadili Kiingereza. Tunamwelewa. Ila tunamjibu hivi. Pesa haziko mikononi mwetu, na siku hizi haziko hata mikononi mwa yule ofisa tunayemjua. Maneno yako mikononi mwake. Kuandika sentensi tatu za kweli juu ya kazi ya mtu hakuhitaji bajeti wala kibali cha mfadhili. Kama hata hicho hakiwezekani, basi tujue sifa tunazopewa ni za nini.

Tunaomba nini kwa ndugu zetu wa mashirika

Kwanza, tajeni kazi. Badala ya "ulikuwa awesome jana", sema: "Jana yule mama hakuelewa fomu, ukamrudia mara tatu bila hasira mpaka akaelewa." Kijana akisikia hivyo anajua ni nini akirudie kesho.

Pili, tuambieni kinachofuata, hata kama hakuna kinachofuata. "Mradi wenu ni mzuri, lakini ofisi yetu haina pesa ya kuku, msitusubiri" ni sentensi ya heshima. "Hapana" ya leo inatuachia banda la jirani.

Tatu, tuelezeni makosa yetu. Tuiteni pembeni, ongeeni taratibu, lakini semeni. Tumeshakemewa na wazazi, walimu na wanajeshi, hatutavunjika kwa kuambiwa kwamba ripoti ina makosa.

Nne, andikeni barua. Isiwe barua ya kusema kijana ni mzuri. Iwe na jina lake kamili kama lilivyo kwenye hati yake, kazi aliyofanya, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani, lugha alizotumia, vitu alivyojifunza, na jambo moja analolifanya vizuri kuliko wengine. Iwe na sahihi na mhuri. Iwe na barua pepe ambayo itafanya kazi hata ofisi ikifungwa. Ukurasa mmoja unatosha.

Na sisi wenyewe tufanye nini

Ukiambiwa awesome, shukuru, halafu uliza pale pale: "Asante sana. Hatua inayofuata ni ipi? Nani atatujibu, na lini?" Uliza kwa adabu, lakini uliza kabla gari halijaondoka. Jibu likiwa "tutaona", endeleeni na mpango wenu kana kwamba hakuna aliyekuja.

Kwenye barua za maombi, msijisifu kwa neno hili. Kijana akiandika kwamba yeye ni kiongozi "awesome", msomaji hajui chochote kipya juu yake, na fomu mia nyingine zina neno hilo hilo. Andika: "Nimefundisha watoto 40 kusoma, kwa miezi 9, jioni, chini ya mti, na mimi ndiye niliyeandika mazoezi kwa sababu vitabu havikutosha." Hapo sifa haipo hata moja, lakini msomaji mwenyewe atasema umetisha.

Tuwe na daftari. Kila wiki andika ulichofanya: tarehe, saa ngapi, watu wangapi, ofisa gani alikuwepo. Siku ya kuomba barua, mpelekee ofisa daftari hilo. Yeye ana vijana sitini, hawezi kukumbuka kila mmoja. Wewe mkumbushe.

Na tusifiane sisi kwa sisi jinsi Kiswahili kinavyotaka. Ukimwambia mwenzako "umetisha", malizia sentensi. Umetisha kwa sababu gani? Hakuna ubaya mtu akiambiwa "umetisha kwenye utangulizi, lakini mwisho ulikimbia". Kundi letu lianze hivyo, halafu tuone kama mashirika hayatatufuata.

La mwisho ni kwa yule ofisa anayesoma hapa na anajua kwamba mradi wake unaisha mwezi huu. Una orodha ya vijana wako, majina unayo. Tunakuomba usisubiri siku ya keki na picha za kuagana. Anza na yule aliyekutafsiria muda mrefu zaidi. Mwandikie wiki hii, wakati mhuri bado uko ofisini.